DNA Haikumwozesha Mwana Mkisi

Tangu Machi 2023, jarida la Nature lilipochapisha utafiti wa vinasaba (DNA) vya watu wa kale wa pwani yetu, kumekuwa na mabishano yasiyokwisha mitandaoni. Mmoja anatupia picha ya malkia aliyechorwa na programu ya kompyuta, taji la dhahabu kichwani na simba miguuni, maelezo yakisema kwamba huyu ndiye Mwana Mkisi, mwanamke aliyeuasisi mji wa Mombasa. Haupiti muda, wa pili anamjibu: acheni ngano, sayansi imeshasema, miji hii ilijengwa na wanaume kutoka Uajemi na wanawake wa hapa walikuwa wake zao tu. Wa kwanza hana ushahidi. Wa pili anadhani anao. Mimi naona wa pili ndiye aliyepotea zaidi, kwa sababu ameuchukua utafiti mzuri akautwisha mzigo usio wake. Utafiti ule haukupima utawala wa mtu yeyote. Ukiusoma kwa utulivu, pamoja na yale ambayo wazee wa Mombasa wamekuwa wakiyasimulia kwa vizazi, utakuta unaipa nguvu simulizi ya Mwana Mkisi. Na ikiwa jina lake limefifia leo, halikufifishwa na maabara, wala na Uislamu kama wengine wanavyodai. Kwa sehemu kubwa lilififishwa na siasa za nasaba za enzi ya Mwingereza.

Kwanza tukubaliane mapokeo yenyewe yanasema nini, maana wengi wanaobishana hawajawahi kuyasikia. Masimulizi ya Mombasa yanamtaja Mwana Mkisi kuwa mtawala wa kwanza wa kisiwa, mwenye mji ulioitwa Kongowea, au Gongwa kwa ndimi za wakongwe. Baada yake anatajwa Shehe Mvita, Mwislamu aliyesifika kwa elimu, ambaye ukoo wake ulishika utawala na ambaye jina lake likawa jina la mji. Koo kongwe za Thenashara Taifa, yaani zile taifa kumi na mbili za Waswahili wa Mombasa zenye makundi mawili ya Tisa Taifa na Thelatha Taifa, zinajinasibisha na hao wawili. Muyaka bin Haji, malenga wa zama za Mazrui, ukoo uliotawala Mombasa, aliyefariki karibu mwaka 1840, aliutaja mji wake kwa majina yote mawili kwa pumzi moja, Gongwa ya Mwana Mkisi na Mvita mji wa kale, bila kuona haja ya kufafanua. Hadhira yake ilijua anasema nini. Leo Mvita ni jimbo la uchaguzi. Kongowea, ukimuuliza kijana wa Mombasa, ni soko la ng'ambo ya kisiwa, mahali pa kununulia nyanya na mitumba.

Nataka msomaji alione jambo moja katika simulizi hiyo kabla hatujaenda mbele. Haina vita. Hakuna mapinduzi, hakuna malkia anayekimbia usiku wala jeshi la Shehe Mvita linalovuka kivuko. Kuna wa kwanza, kuna wa pili, na kuna koo zinazowadai wote wawili. Wanaoigeuza hadithi hii kuwa kisa cha malkia wa Kibantu aliyepinduliwa na Waislamu kutoka ng'ambo wanaongeza chumvi ambayo wapishi wenyewe hawakuitia. Wenye simulizi ni Waislamu, wamekuwa Waislamu kwa karne nyingi, na hawakuona aibu yoyote kumweka mwanamke asiye Mwislamu katika shina la mji wao. Hilo peke yake lingetosha kumfanya mwanahistoria asimame na kujiuliza maswali. Watu hawana desturi ya kujibunia nasaba isiyowapa heshima.

Sasa utafiti wenyewe. Watafiti, miongoni mwao mwanaakiolojia wa Kenya Chapurukha Kusimba, walichunguza vinasaba vya watu 80 waliozikwa katika miji sita ya pwani na mji mmoja wa bara, wengi wao wakiwa wa kati ya mwaka 1250 na 1800. Katika miji hiyo ya pwani mna Mtwapa, Manda, Faza na Kilwa. Walichokuta ni kwamba kwa wengi wa watu wa pwani zaidi ya nusu ya asili yao ilikuwa ya Kiafrika, na ilipitia hasa kwa akina mama. Sehemu kubwa ya iliyobaki ilitoka Asia, na kati ya asilimia 80 na 90 ya hiyo ya Asia ilitokana na wanaume wa Uajemi. Kuchanganyika kulianza karibu mwaka 1000. Baada ya mwaka 1500 asili ya Uarabuni ikaanza kuongezeka. Kwa miaka mingi wasomi wa pwani walikuwa wakiibeza hadithi ya Washirazi, yaani dai la koo za pwani kwamba babu zao walitoka Shiraz huko Uajemi, kama majigambo matupu. Utafiti huu ukaonyesha kwamba chini ya majigambo palikuwa na kweli. Wenye kushangilia walikuwa na haki ya kushangilia.

Lakini hapo ndipo akili za wengi ziliporuka hatua. Kutoka katika kauli kwamba baba wa mbali wa watu hawa walitoka Uajemi na mama zao walikuwa wa hapa, wakafika kwenye kauli kwamba baba walitawala na mama walitawaliwa. Kinasaba hakijui nani alikalia kiti. Kinajua nani alizaa na nani, basi. Tena chukua mwaka wenyewe wa kuchanganyika, karibu 1000, uulize miji ilikuwa wapi wakati huo. Shanga, katika kisiwa cha Pate, uchimbuaji wa miaka ya 1980 ulifichua msikiti mdogo wa miti na udongo wa karne ya 8, uliojengwa ndani ya kijiji kilichokuwepo, kisha ukajengwa upya mara kwa mara hadi kufikia wa mawe. Huko Mombasa, uchimbuaji wa miaka ya 1970 katika eneo la Hospitali Kuu ya Pwani ulionyesha makazi ya karibu miaka elfu moja iliyopita. Ibn Battuta alipolala Mombasa mwaka 1331 aliwakuta watu wa madhehebu ya Shafi, wacha Mungu, na misikiti yao ilikuwa ya mbao zilizojengwa kwa ustadi. Hatuoni hapo mgeni aliyeshuka chomboni na ramani ya mji mkononi. Tunaona mji uliokuwa ukikua, wageni wakiingia, wakiolea na kukaa. Na watoto wao walizungumza lugha ya nani? Kiswahili ni lugha ya Kibantu hadi kwenye mifupa yake. Mume anayetawala kila kitu huwa hashindwi kuirithisha lugha yake kwa watoto wake, kizazi baada ya kizazi, mji baada ya mji, kuanzia Lamu hadi Kilwa.

Ajabu ni kwamba kumbukumbu zetu za kale zilishalisema jambo hili kabla maabara haijawashwa taa. Habari za Kilwa za Kiswahili zinamweleza Sultani Ali bin Selimani akifika kisiwani, akimkuta mwenye mji aitwaye Mrimba, akimwoa binti yake, akikinunua kisiwa kwa nguo, na mwisho mtoto aliyezaliwa na binti yule akirithi mamlaka ya babu yake mzaa mama. Habari za Pate zinamweleza Suleiman Nabahani akifika Pate, akimwoa binti wa mfalme wa Wabatawi, kisha mkwewe akimkabidhi nchi. Angalia mahali haki inapopita. Mgeni ana mali, ana elimu, ana jina kubwa, na bado hawezi kutawala mpaka apite mlango wa mwanamke. Nguo peke yake haikutosha Kilwa. Ilibidi azaliwe mtoto ambaye mama yake ni wa pale. Anayesema wanawake hao walikuwa wake tu ajiulize kwa nini wasimulizi wa miji miwili iliyo mbalimbali kiasi hicho walimhitaji mke huyo ili kuuhalalisha utawala.

Na hapa ndipo Mombasa inapotofautiana na wenzake, na kwa nini Mwana Mkisi ananivutia kuliko binti Mrimba au binti wa Wabatawi, ambao hata majina yao hayako midomoni mwa watu. Katika masimulizi mashuhuri ya Mombasa yeye hasimamii pembeni kama binti wa mwenye mji. Yeye ndiye mwenye mji. Kinachotajwa ni yeye, na wengine wanatajwa kwa kumfuata. Mabishano ya mtandaoni yamemwozesha mume wa Kiajemi kwa nguvu ya DNA, jambo ambalo wenye simulizi hawakulifanya. Nionavyo mimi, simulizi hii ni hati ya mji. Inaeleza nani wenye kisiwa, na kwamba wote waliokuja baadaye, kwa elimu au kwa upanga, walikikuta kina mwenyewe. Ukiichukulia kama wasifu wa mtu mmoja aliyezaliwa mwaka fulani utaiua. Ukiichukulia kama porojo utaitupa na ushahidi uliomo ndani yake.

Wenye shaka wana hoja zao, na baadhi ni nzito. Wanasema hakuna sarafu yenye jina lake, ilhali masultani wa Kilwa wametuachia sarafu za shaba. Wanasema Al-Idrisi, aliyeandika mwaka 1154, alilitaja jina la Mombasa na kusema ndiko aliko mfalme wa Wazanji, jina ambalo Waarabu waliwaita watu wa pwani hii. Mfalme, si malkia. Wanasema kumbukumbu ya maandishi ya Mombasa iliyofika mikononi mwa Waingereza miaka ya 1820 inashughulika zaidi na Wareno, Waomani na Mazrui. Yote hayo ni kweli. Al-Idrisi lakini aliandika akiwa Sisili, katika ikulu ya mfalme Roger wa Pili, kwa kukusanya habari za wasafiri, na hakukanyaga pwani hii. Sitaki kumtegemea mno kwa upande wowote. Hoja ya sarafu na maandishi ndiyo inayostahili jibu, na jibu lenyewe ni swali: Je, Shehe Mvita anafaulu mtihani huo? Naye tunamjua kwa mapokeo yale yale, kutoka vinywa vile vile, mara nyingi katika sentensi ile ile. Hata hivyo sijawahi kumsikia mtu akidai tuondoe jina la Mvita kwenye karatasi za kura kwa kukosa ushahidi. Ikiwa shahidi mmoja amesema mambo mawili, huwezi kumwita mkweli katika la pili na mwongo katika la kwanza kwa sababu tu la kwanza linamhusu mwanamke.

Hoja dhaifu kuliko zote, na ndiyo inayosikika kwa sauti kubwa zaidi, ni ile isemayo kwamba mwanamke mtawala ni jambo lililowezekana kabla ya Uislamu tu, na kwamba dini ilipokuja ikafunga mlango huo. Wanaoisema wako pande zote mbili. Wapo wanaoisema kwa kujivunia, wakitaka kuonyesha kwamba Mwana Mkisi ni wa zama za ujinga. Wapo wanaoisema kwa kulaumu, wakitaka kuonyesha kwamba dini ndiyo iliyowashusha wanawake. Wote wanaijua pwani kwa kusoma vichwa vya habari. Unguja ya katikati ya karne ya 17 ilitawaliwa na Mwana Mwema, Mwislamu, ambaye Waomani walipokuja kuwapiga Wareno mwaka 1652 aliegemea upande wa Waomani, na Wareno wakamshambulia na kumfukuza kwa kosa hilo. Kisiwa hicho hicho, kizazi kimoja au viwili baadaye, kilitawaliwa na Fatuma, naye Mwislamu, ambaye alichagua upande wa pili. Wakati Waomani walipoizingira Ngome ya Yesu, ngome ya Wareno pale Mombasa, kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698, Fatuma ndiye aliyekuwa akiwasaidia Wareno waliofungiwa ndani kwa kuwapelekea chakula. Ngome ilipoanguka, Waomani walimchukua hadi Maskati, na miaka ikapita kabla hajarudishwa kwao.

Niruhusu nikae kidogo kwa hawa wawili, kwa sababu wanafundisha kitu ambacho picha za mataji na simba haziwezi kufundisha. Malkia wawili, kisiwa kimoja, adui na rafiki wamebadilishana nafasi. Mwana Mwema alihesabu kwamba Mreno amechoka na Mwomani anapanda. Akakosea kwa miaka arobaini na kitu hivi, na akalipa. Fatuma alihesabu kwamba Mreno wa mbali ni bwana mwepesi kuliko Mwomani wa karibu. Pengine alikuwa sahihi katika hesabu, ila meli za Wareno kutoka Goa, India, zilichelewa. Hizi ni hesabu za mtawala. Mtu aliyewekwa kitini kama pambo hapelekwi uhamishoni ng'ambo ya bahari, huachwa alipo. Adui zao waliwachukulia kwa uzito kuliko tunavyowachukulia sisi. Na hawakuwa wa mwisho. Pate ya karne ya 18 ilikuwa na Mwana Khadija, aliyetawala katika miaka ya fitina ambapo mji ulipasuka kati ya wadai wa kiti. Mwali, katika Komoro, ilikuwa na Jumbe Fatima katika karne ya 19, aliyepewa kiti tangu utotoni na akavutwa huku na Wafaransa, huku na Zanzibar. Wote hao walikuwa Waislamu, katika miji yenye makadhi na misikiti. Kama mlango ulifungwa, basi ulikuwa na ufunguo uliojulikana.

Hata hivyo nisitie chumvi mimi pia. Kuna hoja ya upande wa pili ambayo sina jibu la kuifuta, ila la kuipunguza. Malkia hawa walikuwa mabinti wa nyumba za enzi. Walipanda mara nyingi pale warithi wa kiume walipokosekana au walipokuwa hawaafikiani. Utawala wao hautuambii kwamba mwanamke wa kawaida wa Unguja au Pate alikuwa na sauti, na hautuambii chochote kuhusu mjakazi aliyewapepea. Vinasaba navyo vina kasoro hiyo hiyo: wengi wa waliochunguzwa walizikwa karibu na misikiti, katika makaburi ya watu wenye nafasi. Anayetaka kumfanya Mwana Mkisi awe ushahidi kwamba pwani ya kale ilikuwa pepo ya wanawake, atajenga juu ya mchanga. Ninachodai ni pungufu ya hapo: haki ya mji, haki ya nyumba na haki ya ardhi zilipitia kwa wanawake kwa namna ambayo mgeni wa kiume alilazimika kuiheshimu. Hilo halihitaji malkia ili lithibitike. Huko Ngazidja, kisiwa kingine cha Komoro, ardhi ya manyahuli hadi leo inarithiwa upande wa mama, katika jamii ya Waislamu watupu. Lamu, desturi ya wenye nyumba za mawe ilikuwa kumpa binti nyumba anapoolewa, na mume ndiye anayehamia. Wadigo, majirani wa Mombasa kusini, walirithi kwa upande wa mama kwa muda mrefu, na ugomvi kati ya mpwa na mtoto uliwafikisha watu mbele ya makadhi. Ukiiweka simulizi ya Mwana Mkisi katikati ya desturi hizo, inakaa kama mtu wa nyumbani.

Kwa nini basi imefifia? Hapa ndipo ninapoona makosa makubwa ya mjadala huu, kwani watu wanatafuta jibu katika karne ya 14 ilhali limo katika karne ya 20. Serikali ya kikoloni ya Kenya ilimgawa kila mtu katika mafungu mawili, mzawa na asiye mzawa, na fungu ulilowekwa liliamua kodi unayolipa, kipande, yaani kitambulisho, unachobeba shingoni, na kama una haki ya kupiga kura. Mwarabu alihesabiwa asiye mzawa. Waswahili wa Thenashara Taifa wakajikuta mlangoni: wana nasaba za pande zote mbili, na serikali inataka upande mmoja. Miaka ya 1920, Waarabu wa pwani walipopewa haki ya kumchagua mjumbe wao katika baraza la kutunga sheria, Thenashara Taifa waliachwa nje, na mapambano yao ya kutambuliwa yakaendelea hadi miaka ya 1950. Katika hali hiyo, babu wa Shirazi alikuwa mali. Bibi wa Kongowea, asiye Mwarabu na asiye Mwislamu, alikuwa mzigo. Huhitaji njama yoyote ili kuelewa ni jina lipi litatajwa mbele ya hakimu na lipi litabaki jikoni.

Uchungu wa mambo ni kwamba Mwana Mkisi ndiye angefaa zaidi pale ambapo taifa hizo zilishindwa. Sheria ya Hati za Ardhi ya 1908 iliwataka watu wa pwani walete madai yao ya ardhi ili yasajiliwe kwa jina la mtu mmoja mmoja. Madai ya taifa za Mombasa ya kumiliki ardhi kwa pamoja, kama wenyeji wa tangu na tangu, hayakufua dafu. Katika kura walihitaji kuwa wageni, katika ardhi walihitaji kuwa wenyeji, na serikali ikawanyima vyote viwili. Zanzibar nako, jina la Mshirazi lilichukua maana yake ya pekee, likiwa dai la uzawa dhidi ya Mwarabu, hadi likaingia katika jina la chama cha Afro-Shirazi mwaka 1957. Jina moja, matumizi mawili yanayopingana, kilomita mia mbili na kitu kutoka kisiwa hadi kisiwa. Hii inapaswa kumfanya kila anayetumia matokeo ya vinasaba kama rungu la kisiasa apoe kidogo. Wenzake walishalitumia rungu hilo kabla yake, na lilivunja vichwa vya wenyewe.

Hatari ya leo ni hiyo hiyo kwa sura mpya. Pwani ya Kenya bado ina maskwota katika ardhi ya mababu zao, bado ina hati za wenye mashamba wasioishi huko, na bado kuna wanasiasa wanaouza swali la nani alitangulia. Mmoja atasema DNA imethibitisha kwamba Waswahili ni wageni, kwa hiyo wasidai kitu. Mwingine atasema Mwana Mkisi alikuwa wetu sisi, wala si wa wale. Wote wawili watakuwa wamesoma nusu. Takwimu zile zile zinazomtaja baba wa Uajemi zinamtaja mama wa hapa, na mtoto wao hakuwa nusu mgeni. Alizaliwa mjini kwao, akasema lugha ya mama yake, akazikwa karibu na msikiti wa mtaa wake. Hakuna mahakama ya ardhi inayoweza kumkata vipande viwili. Isitoshe, simulizi ya Mwana Mkisi haisemi kwamba aliyekuja baadaye hana haki. Inasema alimkuta mwenyewe. Kuna mlango wa kuingilia, na Shehe Mvita anakumbukwa vizuri kwa sababu aliupitia.

Kwa watafiti nina ombi moja, nalo ni la kitaalamu kuliko la kihisia. Awamu ijayo ya vinasaba itoke kwenye makaburi ya mbali na misikiti, na kwenye miji ya kabla ya mwaka 1250, hasa ile ya karne za 9 hadi 11 ambapo kuchanganyika kunasemekana kulianzia. Sasa hivi tunahukumu mwanzo wa ndoa kwa kuwatazama wajukuu wa wajukuu. Kisha ulizwe uhusiano wa waliozikwa pamoja: je, katika ukoo mmoja, mabinti walibaki na wana wakaondoka, au kinyume chake? Swali hilo linapimika, na jibu lake lingetueleza mengi zaidi kuhusu mamlaka ya wanawake kuliko asilimia za Uajemi na Afrika ambazo kila mtu anazirudia.

Kwa wanaoandika vitabu vya shule, kazi ni rahisi zaidi na haina gharama. Sura ya pwani huanza karibu siku zote na anayekuja: Mwajemi, Mwarabu, Mreno, Mwomani, Mwingereza, kila mmoja na meli yake. Mtoto wa Kibokoni au wa Likoni anamaliza darasa akijua Vasco da Gama alifika Mombasa mwaka 1498 bila kujua alifikia mji wa nani. Mwana Mkisi awekwe mwanzoni mwa sura hiyo, akiwa ameandikwa wazi kuwa ni wa mapokeo, bila mwaka wa kubuni na bila picha, na Shehe Mvita aandikwe vivyo hivyo chini yake, kwa kipimo kile kile. Kisha wafuate Mwana Mwema na Fatuma, ambao wana miaka, wana adui, na wana maamuzi ambayo mwanafunzi anaweza kuyajadili: nani kati yao alicheza karata yake vizuri? Walimu wa historia wanalalamika kwamba wanafunzi husinzia. Wapeni swali hilo, na ngome iliyozingirwa karibu miaka mitatu, halafu tuone nani atasinzia.